Ngozi Yenye Matundu Matatu

Ngozi ya ng'ombe ikilowekwa pamoja na maganda ya miti hutoa harufu ambayo sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajawahi kuinusa. Wateja wangu wanasema ni uvundo. Mimi nakataa. Ina uchachu wa maziwa yaliyosahauliwa, ina moshi kidogo, na chini kabisa, ukivumilia, kuna utamu wa majani yaliyonyeshewa. Ninayo kila siku, kwenye ndoo ya bluu nyuma ya karakana yangu hapa Mugumu, na kila ninapofunua kifuniko asubuhi narudi kwetu Nyamwaga bila kulipa nauli.

Juzi alikuja mwalimu mmoja wa sekondari, binti wa watu kutoka Mbeya, bado mgeni huku kwetu. Alisimama mlangoni ameziba pua kwa mtandio, akanipa shikamoo ya mtu mwenye mafua, nami nikaitikia marahaba huku nikijizuia kucheka. Alitaka niende kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha nne kuhusu kuchagua kazi. Alisema watoto watatiwa moyo wakimwona mama aliyefeli darasa la saba na bado akafanikiwa. Hiyo "na bado" ilinikera hadi kwenye kisigino. Nilimwambia nitakuja, ila asinitambulishe hivyo. Nilikwenda, akanitambulisha hivyo hivyo, na dakika arobaini nilizopewa zikaisha kabla sijafika kwenye ngozi. Ninyi mnaonisoma mna muda zaidi ya kidato cha nne, basi kaeni niwasimulie.

Mama yangu alikuwa mshonaji wa vibuyu. Kila nyumba ya kwetu ilikuwa na vibuyu vya maziwa, na kibuyu kikipata ufa hakikutupwa, kililetwa kwa Mama. Alitoboa vitundu pande zote mbili za ufa kwa msharasi, ile sindano nene ya chuma yenye mpini wa mti, akapitisha uzi wa katani, akavuta hadi ufa ukajifunga wenyewe, kisha akasugua nta. Ukimimina maziwa humo halivuji hata tone. Kutoka kwenye vibuyu mkono wake ulikwenda popote ulipoitwa: viatu, mabegi ya shule, mikanda ya nira, mipira ya wanafunzi. Nesi wa zahanati yetu, mama mmoja mcheshi aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro, aliwahi kumletea ule mkanda wa kupimia presha uliokuwa umechanika. Mama aliushona huku akiuliza ni nani wanamkaba nao.

Hakuna aliyeiita hiyo kazi. Baba akiulizwa mke wake anafanya nini, alijibu, "Yupo tu nyumbani." Mimi nilikaa karibu na magoti ya Mama tangu ningali mdogo, nikamsukia uzi, nikamlainishia nta, mpaka mikono yangu ikaanza kwenda bila kuniuliza. Vidole vyangu vilinuka, na shuleni wakaniita Kibuyu. Siku moja mwalimu alituuliza tukiwa wakubwa tunataka kuwa nani. Wenzangu wakasema daktari, hakimu, rubani, ingawa ndege pekee tulizokuwa tumeziona ni zile ndogo zinazopeleka watalii mbugani. Zamu yangu ilipofika nilisema nataka kuwa mshonaji.

"Wa nguo?" mwalimu aliuliza.

"Wa chochote."

Darasa zima lilicheka, naye akaniambia nikae chini nifikirie vizuri. Nilikaa chini. Kufikiria vizuri sikufikiria, maana nilikuwa nimeshajibu.

Matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa, jina langu halikuwemo kwenye orodha. Nililia siku hiyo kwa sababu kila mtu alinitazama kama anayesubiri nilie. Baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Katika ukoo wetu kila mvulana hupangiwa dada yake: ng'ombe watakaoletwa kumwoa huyo dada ndio kaka atakaotolea mahari yake. Mimi nilikuwa dada wa Marwa tangu tungali tunanyonya, yeye akimaliza mimi nikianza. Marwa alikuwa na miaka kumi na saba hivi, ndevu tatu kidevuni, na msichana aliyempenda huko Nyamongo. Alikuwa ananisubiri mimi. Hakuwahi kusema, lakini alianza kuninunulia sabuni.

Baba hakuwa mtu mbaya, nasema mapema ili msimchukie bure. Alikuwa na mtoto wa kiume wa kuozesha na binti aliyefeli, akajumlisha kama kila mzee wa kijiji kile angejumlisha. Kabla ya mwezi kuisha walikuja wageni kutoka Kenyamonta, ng'ambo ya mto Mara. Mwenye kunitaka alikuwa mtu mzima mwenye mke tayari na zizi lililojaa. Yeye mwenyewe hakuja. Walikuja wazee wake watatu, wakaleta ng'ombe wa kwanza na dume la kuchinja, tukala, wakaangalia meno yangu nilipocheka. Sikucheka tena mbele yao.

Wale watu walikuwa na desturi ya nyumba yao. Ngozi ya dume lile la kwanza huwambwa kwa akina binti, ikauke, iviringishwe na kutunzwa, na siku ya kuchukuliwa bibi harusi anakwenda nayo, maana ndiyo atakayolalia siku ya kwanza kwa mumewe. Msemaji wao, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, alituagiza akiwa ameshaanza kuondoka.

"Iwe nzima," alisema. "Hata tundu la inzi sitaki. Ngozi ya bibi harusi inakuwa nzima."

Ikawambwa nyuma ya nyumba. Kila nilipokwenda kuchota majivu niliiona imetandazwa kwenye mambo, vile vijiti vilivyochomekwa ardhini, na nilijua upana wangu kuliko nilivyowahi kuujua, maana nilikuwa najiona nimelala pale. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimwambia Mama sitakwenda. Nilimwambia tena kesho yake, na keshokutwa. Mama alivuta uzi wake akaukata kwa meno. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Baba, kwa sababu Baba angalau alikuwa ananijibu.

Hapo ndipo pampu ya zahanati ilipokufa. Ilikuwa pampu ya mkono, mpini wa chuma unaoupandisha na kuushusha, na kiangazi kile ndiyo ilikuwa inanywesha kijiji chote. Fundi wa maji alikuja kutoka wilayani, kijana mpole wa Singida, akaifungua mbele yetu. Nilisimama karibu mpaka akaniambia nisogee nisije nikamezwa. Alitoa kipande kimoja cha mpira, duara lenye kingo zilizopinda juu kama kisahani, kimelika upande mmoja. Akasema chuma kizima hakina neno, ugonjwa ni huu hapa, na kipuri kitaagizwa. Lini kitafika hakusema. Alimwachia Nesi vyuma na spana kwenye gunia, akapanda pikipiki akaondoka. Wanawake wakarudi kwenye kijito, saa nzima kwenda na saa na nusu kurudi na ndoo kichwani.

Wiki ya pili Nesi alimletea Mama kile kipande. "Mama Marwa," alisema, "wewe si unashona mpaka presha? Hebu ona."

Mama alikigeuza mkononi, akanipa. Kwanza tulikata mfano wake kwenye mpira wa tairi la baiskeli. Mimi ndiye niliyefunga vyuma, kwa sababu nilikuwa nimeshika mpangilio wote wa yule fundi, boliti kwa boliti. Tulipata maji ndoo mbili, mpira ukajikunja, basi. Watu waliokuwa wamepanga foleni walinitazama vibaya. Mama aliketi kwenye ngazi ya zahanati akakifikiria kile kipande muda mrefu.

"Hii inataka ngozi," alisema mwishowe.

Nyumbani kulikuwa na ngozi moja tu. Ilikuwa imekauka, imeviringishwa, imesimamishwa nyuma ya mtungi. Nilimwangalia Mama nikidhani amesahau. Alikuwa anapepeta mtama, na hakuacha kupepeta.

"Kata mgongoni," alisema. "Katikati kabisa. Pembeni hakuna nguvu."

"Mama, ile ni—"

"Kata tatu. Za akiba."

Nilikata. Sijawahi kukata kitu kwa mkono uliotulia namna ile, na nawaambia ukweli, nilifurahi. Niliweka kikombe cha bati juu ya ngozi nikakichora kwa kaa, kisha nikafuata mstari kwa kisu cha Mama, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, katikati ya ile sehemu ambayo ningeweka mgongo wangu. Tulikwangua manyoya, tukaloweka na maganda siku kadhaa kwenye chungu kilichovunjika mdomo, na ile harufu ikajaa nyumba. Baba aliuliza nini kinanuka. Mama akasema ni dawa ya pampu, na hapo hakusema uongo. Vipande vilipolainika tulivipaka mafuta ya ng'ombe, tukavigandamiza juu ya kitako cha chupa, tukavifunga kwa uzi mpaka vikakauka vikiwa na umbo la kisahani. Asubuhi niliyofunga cha kwanza nilipandisha mpini mara tano bila kitu, mara ya sita nikahisi uzito unapanda kutoka chini, na maji yakaja. Yalikuwa ya kahawia na yalinuka zizi kwa siku mbili, na watu walinung'unika huku wanajaza.

Wageni wa Kenyamonta walirudi kupanga siku. Walikaa uani kwenye viti vya kuazima shuleni, wakapewa togwa, wakaisifu. Kikao kilikuwa cha wanaume. Mimi nilikuwa jikoni nikisikiliza, Mama alikuwa mlangoni akisubiri kutumwa. Yule msemaji akasema kabla ya yote aone ngozi. Baba akamwambia Mama ailete. Mama akaileta, akaiweka chini mbele yao, akaiviringua kwa mguu.

Baba aliiinua kwa mikono miwili. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua limekwisha kupanda, na madoa matatu ya mwanga yakakaa kwenye shati lake jeupe, kifuani. Nilitoka jikoni.

"Nimekata mimi," nilisema. "Kipande kimoja kiko kwenye pampu. Hiyo togwa mnayokunywa, maji yake yametoka humo."

Mzee mmoja aliweka kikombe chini haraka. Baba alikwishashika fimbo. Msemaji akamzuia kwa mkono bila kusimama, akimwita mura, yaani kijana.

"Ngoja kwanza, mura. Mtoto ni mtoto. Hii inashoneka?" Akamgeukia Mama. "Mama, mimi nimesikia habari yako mpaka kule kwetu. Ukiishona ikawa nzima, mwanga usipite, sisi hatuna maneno. Tunaendelea."

Nilikuwa nimesahau jambo hilo moja. Nilikuwa nimeasi mbele ya mtu ambaye hakuna alichowahi kushindwa kukishona. Mama alipiga magoti, akaichukua ile ngozi mapajani. Akapitisha dole gumba ukingoni mwa tundu la kwanza, polepole, la pili, la tatu. Akaikunja, akaikunjua. Akainusa. Alichukua muda mrefu kiasi kwamba kuku walirudi kudonoa katikati ya kikao.

"Haishoneki," alisema.

"Wewe si ndiye unayeshona mpaka vibuyu?"

"Ndiyo mimi. Kibuyu kinashoneka. Hii nikiishona leo, kesho itaachia. Halafu mtasema nyumba hii imewadanganya."

Yule mzee alimtazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kama anavyotikisa mtu aliyeambiwa na daktari. Hakubishana naye. Aliinuka, na wenzake wakainuka. Alisema wao hawataki ugomvi, ila nyumba yao haiwezi kuanza na ngozi ya namna hiyo, na dume la kwanza ni moja tu, haliletwi jingine badala yake. Ng'ombe wao warudi.

Marwa ndiye aliyewarudisha. Aliondoka nao kesho yake asubuhi kabla ya chai, akawachunga mpaka mtoni na kuwavusha, akawafikisha Kenyamonta jioni. Alikuwa anamrudisha mke wake kwa fimbo, ng'ombe mmoja mmoja, na nilijua hivyo nilipomwona anapita mbele ya jikoni bila kugeuza shingo. Baba alinichapa. Sitaficha hilo, na sitaliongezea chumvi. Kilichouma zaidi ni kwamba Marwa hakuongea nami miaka miwili, na sikuweza kumwambia amekosea.

Sasa ndiyo sehemu ambayo yule mwalimu wa Mbeya angependa niirefushe, nami nitaifupisha. Kamati ya maji ilinipa spana kwa sababu hapakuwa na mwingine anayejua zile boliti. Fundi wa Singida aliporudi na kipuri alikuta maji yanatoka, akafungua, akaona kisahani changu, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akanifundisha pampu za aina nyingine mbili. Kutoka kwenye pampu nikashona viatu, kutoka viatu nikashona viti vya pikipiki, na kutoka hapo nikaja Mugumu, ambako magari ya watalii yana viti vinavyochanika na mahema yana zipu zinazokufa. Miaka ile ya korona watalii walipokatika na mji ukanyamaza, majirani zangu waliokuwa wanategemea wageni tu walifunga milango. Mimi nilirudi kwenye nira na mipira ya shule. Watu waliniuliza kama sioni aibu kushuka. Nilishuka wapi? Sindano ni ile ile, na mkono ni ule ule.

Kwa hiyo wazazi wanaponiletea watoto wao wakiuliza wasomee nini, nawaudhi kwa makusudi. Nawaambia waache kuniuliza jina la kazi. Wanioneshe mtoto anaweza kufanya nini kwa mikono yake ambacho kinatakiwa katika nyumba tatu tofauti. Wengine huondoka wamenuna. Wanune.

Marwa, kama mnataka kujua, alioa akiwa amechelewa, kwa pikipiki yake mwenyewe aliyoendesha mpaka akapata ng'ombe. Mwaka wa tatu wa kununiana kwetu alisimama mbele ya banda langu la kushonea, kiti kimechanika, sifongo iko nje. Hakusalimia. Alisema, "Hiki kinashoneka?" Nilisema kinashoneka. Tukacheka wote wawili, yeye akageukia barabarani ili nisione macho yake.

Lakini kuna jambo moja ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi ya hayo yote. Mwaka juzi watu wa Ringwani waliniletea kisahani kilicholika cha pampu ya zamani kama ile ya kwetu. Nilitaka kipande kidogo cha ngozi, na mezani kulikuwa na kilichobaki cha shingoni, kile ambacho huwatupia mbwa. Nikakata hicho, nikaenda kukifunga kwao. Kikashika, mpaka leo kinatoa maji. Nilikuwa nimeshaondoka Ringwani, niko nyuma ya pikipiki, ndipo nilipomwambia dereva asimame.

Pembeni kuna nguvu. Kwa kisahani kile pembeni kuna nguvu ya kutosha na kubaki. Na hakuna anayehitaji tatu, kimoja kinakaa miaka. Na tundu la ukubwa wa kikombe cha bati kwenye ngozi kavu mimi nalishona huku nazungumza na mteja, nalitia kiraka kutoka kwenye ngozi hiyo hiyo, nalipiga mafuta, na mwanga haupiti. Miaka yote hiyo nilikuwa natembea na hadithi ya msichana jasiri aliyekata ngozi, na mama mwoga aliyenyamaza. Katika kikao kile Mama hakuwa na kiti wala neno. Angesema "Binti yangu haendi," wangemfukuza kama kuku. Lakini walimwuliza fundi, na neno la fundi hawakuwa na la kulijibu. Alikuwa amejiwekea jina hilo kibuyu kwa kibuyu, na siku ile alilitumia lote kwa ajili yangu.

Nilikwenda Nyamwaga wiki hiyo hiyo. Nilimkuta amekaa penye mwanga, kibuyu mapajani, nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilimpa shikamoo, nikakaa chini karibu na magoti yake.

"Mama," nilisema, "ile ngozi ilikuwa inashoneka."

Hakuinua macho.

"Kazi ya asubuhi moja tu," alisema. "Na uzi nilikuwa nao."

Kisha akanipa sindano nimtungie uzi, maana siku hizi haoni tundu vizuri.